Kikaango na Moto Wake

Mama mmoja wa Kibosho alifika kliniki ya shinikizo la damu akiwa na kikaango ndani ya kikapu chake. Alikitoa na kukiweka mezani mbele yangu. Sehemu ya chini ilikuwa imebanduka mabaka mabaka, mfano wa ukuta uliopigwa na mvua za masika. "Daktari," alisema, "uliniambia nipunguze mafuta na ninunue kikaango kisichoshika chakula. Nilikinunua. Hakikumaliza miezi minne." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba fedha aliyokinunulia ndiyo iliyokuwa nauli ya kliniki ya mwezi uliofuata. Ndiyo maana hakuonekana siku yake ilipofika, na dawa zikamwishia.

Nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu mwanzo: "Mama, unapikia nini?" Akajibu: mkaa, na mkaa ukikosekana, kuni. Hapo nikatambua kwamba nilimpa ushauri nusu. Nilimwelekeza chombo bila kuujua moto wake.

Hoja yangu ni hii: kikaango kinachodumu ni kile kinacholingana na jiko la mwenye kukitumia. Sisi watoa huduma tusimtaje mgonjwa chombo chochote kabla ya kuuliza habari za jiko lake.

Utando mweusi wa vikaango hivi ni aina ya plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Ulianza kupakwa kwenye vikaango nchini Ufaransa katika miaka ya 1950. Ni utando mzuri, lakini una mpaka: ukipita nyuzi joto 260 za Selsiasi, huanza kuharibika. Jiko la mkaa halina pa kupunguzia moto upesi, na kikaango kitupu kilichowekwa juu ya makaa mekundu huweza kuuvuka mpaka huo katika dakika chache. Utando ukiungua sana hutoa mvuke unaoweza kumletea avutaye homa, kikohozi na kubanwa kifua. Baadaye huja kijiko cha chuma, waya wa kusugulia na majivu, na kazi iliyoanzwa na moto humalizika.

Wagonjwa huuliza: je, vipande vilivyobanduka ni sumu? Kipande kidogo kikimezwa hupita tumboni bila kuyeyuka na kutoka nje. Kilicho na ushahidi wa madhara ni kemikali iitwayo PFOA, iliyotumika zamani katika kutengeneza utando huo. Mkataba wa Stockholm uliiwekea marufuku mwaka 2019, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Watengenezaji wakubwa wameiacha, lakini kikaango kisicho na jina wala maelezo hakitwambii kilitengenezwaje.

Anayepikia gesi, hasa mzee ambaye mikono yake haiwezi chombo kizito, asikikimbie kikaango cha namna hii. Akitumie kwa moto mdogo, asikipashe kikiwa kitupu, ageuzie kwa mwiko wa mti, akioshe kwa sponji laini, na asikirundikie vyombo vingine bila kitambaa kati yake. Utando ukianza kubanduka, akiache.

Anayepikia mkaa au kuni ana rafiki wa siku nyingi: chuma. Mlima huu unakijua chuma. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wamefua majembe, visu na mikuki tangu enzi za mababu. Chuma cha kukaangia chapati, kile kizito cheusi, huzoeshwa hivi: kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta membamba kote, kipashwe mpaka kitoe moshi kidogo, kisha kipoe. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yale hugeuka utando mgumu, na yai halitashika. Kila baada ya kupika, kioshe kwa maji ya moto, kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo. Usikiache na maji, maana kutu katika unyevu wa mlimani haichelewi. Utando huu ukiharibika, unautengeneza upya jikoni kwako bila kwenda dukani.

Kuna faida ya ziada. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko waliopikiwa katika aluminiamu. Hata hivyo, mgonjwa anayeongezewa damu mara kwa mara amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa kwake madini ya chuma yanaweza kuzidi.

Nawatahadharisha pia juu ya karai na sufuria zinazosubiwa kutokana na vyuma chakavu. Uchunguzi wa vyombo vya aluminiamu kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba baadhi vilitoa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Mwisho, tukumbuke lililotuleta hapa. Kikaango hakipunguzi mafuta. Mkono ndio unaopunguza. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Anayemimina kutoka kwenye chupa hajui ametumia vijiko vingapi. Anayepima kwa kijiko anajua, hata kama kikaango chake ni cha bibi yake.

Mama yule alikuwa nacho chuma cha chapati nyumbani, kimelala darini kikiwa na kutu. Hakuhitaji kununua kitu. Alihitaji mtu wa kumwuliza anapikia nini, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.