Tone la Oili Chini ya Gari

Mlango wetu wa kazi za mkono mwezi huu tunaufungua kwa khabari ya gari kuukuu. Nyumba nyingi za Unguja rizki yao imo katika gari moja la mzigo. Huenda ni la kuleta ndizi na muhogo sokoni Darajani tangu alfajiri. Huenda limejengewa paa la mbao na mabao ya kukalia, likachukua abiria wa Bububu au Mwanakwerekwe. Aghlabu gari hizi zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Likianza kuvuja, mwenyewe husema, "Ni tone tu," akaongeza oili, akenda zake.

Jirani yangu mmoja alisema hivyo miezi mizima. Siku moja, yumo njia ya shamba na abiria, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasema, "Nitafika." Hakufika. Injini ilikamata, na gharama ya kuitengeneza ikala fedha alizowawekea wanawe kwa ajili ya skuli.

Chini ya injini pana karai la bati, nalo mafundi huliita sampu. Oili hukaa humo, kisha hupandishwa na pampu kwenda kulainisha vyuma vinavyosuguana. Karai hili hufungwa kwa bolti nyingi ndogo, na baina yake na injini pana gasketi. Na chini pana kizibo cha kumwagia oili. Basi pa kuvuja ni pachache: washa ya kizibo iliyochoka, bolti zilizolegea kwa mtikisiko, gasketi iliyokauka, au bati lililoliwa na kutu. Na kwetu visiwani, kwa chumvi ya bahari, kutu haikosi.

Kwanza, usimtuhumu asiye na kosa. Mara nyingi oili hutoka juu ya injini, ikateremka, ikadondokea penye sampu. Isafishe injini ikiwa baridi, ikaushe, tandika gazeti chini usiku kucha. Asubuhi tafuta kwa tochi mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Pili, jihadhari na roho yako. Gari lisimame penye tambarare, magurudumu yatiwe kabari, na mwili wake uegemee stendi madhubuti. Jeki peke yake haiaminiwi.

Tatu, kaza bolti kwa kiasi. Vijana wengi hudhani kukaza mno ndiko kutengeneza. Sivyo! Ukingo wa bati hupinda penye bolti, pakaachana katikati, oili ikazidi kutoka. Kaza kidogo kidogo, kwa zamu, upande huu na upande wa pili. Isipokoma, mwaga oili ikiwa vuguvugu, teremsha sampu, kwangua gasketi ya zamani yote, nyosha ukingo uliopinda kwa nyundo juu ya ubao, kisha tia gasketi mpya. Bati lililotoboka halitibiwi kwa gundi ila kwa kufikia nyumbani tu. Dawa yake ni kuungwa likiwa limeteremshwa na kusafishwa, au kubadilishwa. Ukimaliza, jaza oili, washa injini, tazama chini, kisha pima tena kwa kijiti.

Ama ile oili chakavu, usiimwage uwanjani. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, nayo hupitisha maji upesi hadi chini, na huko chini ndiko visima vyetu vinakochota. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Haifai sisi tuje kuyachafua maji kwa uvivu wa kutafuta debe. Itie deboni, uifunike, uipeleke kwa anayeikusanya.

Na fundi akumbuke kuwa oili chakavu ikidumu ngozini miaka mingi huweza kuleta saratani. Tena ganda la grisi lililoshika mkononi huzuia maji ya udhu. Basi aliondoe kwa sabuni kabla ya kwenda msikitini.

Aliyechukua abiria amechukua amana. Leo, kabla ya kulala, inama utazame chini ya gari lako. Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumza khabari ya breki.