Mwalimu Akivuka Mpaka, Miaka Yake Hupotea

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mapema mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikuwa umekifanya lugha yake ya kazi. Sisi walimu wa lugha hii tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini wanafunzi wangu, wakiwemo wazawa wa Kibokoni na Makadara hapa Mombasa, huniuliza swali ambalo isimu haina jibu lake: mtu akienda kufundisha nchi jirani, uzeeni atalipwa na nani?

Natuchukue mfano. Mwalimu wa Mji wa Kale alifundisha miaka 12 katika shule ya kibinafsi mjini Tanga, kisha akarejea kisiwani, akaajiriwa na TSC kwa miaka 9 na kustaafu kabla ya 2021. Hazina ya NSSF ya Tanzania hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo itoe pensheni ya kila mwezi. Sheria ya pensheni ya Kenya iliyomhusu ilidai utumishi wa miaka 10. Ametumika miaka 21, na pande zote mbili zinamwambia hajatimiza! Akiambulia kitu, ni mkupuo mmoja tu. Lugha yetu huuita kiinua mgongo. Sijui huu utauinua mgongo wa nani.

Tangu Januari 2021 Kenya ina mpango mpya, ambao mwalimu huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake na serikali asilimia 15. Ni afadhali, kwani akiba ina jina la mwenyewe. Hata hivyo, miaka ya Tanga haimo.

Wazee wa reli na bandari wa mji huu wanaijua hadithi hii. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mapatano ya kugawana mali yakatiwa sahihi 1984, ndipo kila nchi ikabebeshwa pensheni za raia wake.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja haki ya mfanyakazi kupata mafao ya hifadhi ya jamii na kuliagiza Baraza la Mawaziri la Jumuiya litunge kanuni zake. Mfano upo. Umoja wa Ulaya hujumlisha vipindi vya kazi vya nchi zote ili mtu atimize masharti, kisha kila nchi ikalipa fungu lake tu. Kwa hesabu hiyo, Tanzania ingemlipa mwalimu wetu sehemu 12 kati ya 21 za pensheni inayokadiriwa kwa sheria yake, na Kenya sehemu 9. KNUT na KUPPET, ambavyo havichoki kupigania mishahara, vinaweza kuidai hesabu hii kabla kijana wa Kibokoni hajapanda basi la Kampala.