"Tufomati tu" si ufundi

Haya wadau, leo sina mafunzo, nina hasira.

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Kibokoni alinijia na laptopu ameifunga kwa leso. Kwenye D alikuwa ameweka sauti ya marehemu nyanya akisimulia ukoo: nani kazaliwa nyumba gani, nani kaolewa Lamu. Mwanawe alikuwa akijaribu kuweka Linux kando ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana akafuta partisheni siyo. D ikatoweka, pakabaki nafasi isiyogawiwa.

Hadi hapo hakuna kilichopotea. Rudia kusoma: HAKUNA kilichopotea!

Kilichomaliza kazi ni fundi mmoja wa mjini. "Mama, hii tufomati tu." Dakika kumi, shilingi 1,500, akarudishiwa D mpya, tupu kama mtungi.

Jamani, partisheni ni mpaka ulioandikwa kwenye daftari. Diski za mtindo wa MBR zina daftari la baiti 64 tu ndani ya sekta ya kwanza: nafasi 4, kila moja baiti 16. GPT, mtindo mpya, huweka na nakala ya pili mwisho wa diski. Kufuta mpaka ni kama kung'oa kibao cha kichochoro huku Mji wa Kale. Mgeni atapotea, lakini nyumba zipo na watu wamo ndani wanakunywa kahawa.

Fomati ndiyo tingatinga. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, fomati ya haraka iliandika sehemu chache tu, kwa hiyo mafundi wakazoea kubahatisha. SSD haina msamaha huo. Windows ikifomati huipelekea amri ya TRIM, yaani "eneo hili lote halina kazi tena", nayo SSD hujisafisha yenyewe. Ya shangazi ilikuwa SSD. Niliipitisha PhotoRec usiku kucha, nikapata sifuri mwanzo hadi mwisho.

Na hawa Microsoft nao! Windows isipoielewa partisheni inakuletea kidirisha cha kukuomba uifomati, kana kwamba ndiyo njia pekee. Bonyeza kukataa, uzime mashine.

Kisha washa kwa flashi ya Linux. Nakili diski nzima kwenye diski nyingine kwa ddrescue, ndipo uifungulie TestDisk ile nakala. Programu zote hizi ni za bure. Chagua Analyse, halafu Quick Search. Partisheni ikionekana bonyeza P uone mafaili. Yatoe kwanza. Usiguse Write kabla ya hapo. (Diski ikilia tik tik, acha yote haya, huo ni ugonjwa wa chuma, si wa daftari. Na kama imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 mapema.)

Najua mafundi watanijibu kwamba mteja anataka haraka na rahisi. Mteja anataka vitu vyake! Kama huna muda wa kunakili, sema huna, umrudishie laptopu yake kama ilivyokuja. Hiyo haikupunguzii heshima wala riziki.

Lakini kabla ya yote kuna swali la bure: "Mama, kuna kitu humu unakihitaji?" Shangazi anasema hakuulizwa.