SI KILA PROGRAMU YA BURE ILIYO HURIA

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi ofisi nyingi zina kompyuta, na karani huambiwa: "Tafuta programu ya bure uiweke, kazi iendelee." Sisi tunasema neno hilo "bure" linawaponza wafanyakazi, na hatuna budi kulifikisha mbele ya waajiri.

Kila programu ina leseni, yaani masharti ya mwenye mali. Ziko programu za kuuzwa. Ziko zisizolipiwa, lakini mwenyewe amebakiza amri yote mkononi mwake. Nyingi za namna hii zimeruhusiwa nyumbani tu. Ukiitumia kwa kazi ya kampuni, umevunja leseni. Tena ziko programu huria. Hizi kila mtu ana haki ya kuzitumia kwa kazi yoyote, kuyachungua maandishi ya fundi aliyezitunga, kuyarekebisha, na kumgawia mwenzake. Hata kuziuza si kosa. Mathalani leseni ya GPL, iliyotolewa mwaka 1989 na shirika la Free Software Foundation la Marekani, inaruhusu kuuza, bali inamlazimu muuzaji ampe mnunuzi maandishi hayo pamoja na haki zile zile.

Kiingereza kina neno moja kwa mambo haya mawili. Sisi tunayo mawili: bure ni habari ya bei, huria ni habari ya haki.

Anayetoa bure bila kutoa haki aweza kugeuza masharti. Mwaka 2019 kampuni ya Oracle ilianza kutoza ada kwa marekebisho mapya ya Java 8 yanayotumika katika biashara, ambayo hapo awali yalitolewa bure. Januari 2023 ikaleta mpango wa kuhesabu ada kwa idadi ya wafanyakazi wote wa kampuni, hata wale wasioigusa Java kamwe. Mwaka 2021 programu ya Docker Desktop nayo ilianza kulipiwa na kampuni zenye wafanyakazi 250 au zaidi, au mapato ya dola milioni 10 au zaidi kwa mwaka. Lakini waliotumia OpenJDK, ambayo ni Java yenye leseni ya GPL, hawakudaiwa ada hiyo.

Sasa tuulize: deni likija, nani hulaumiwa? Ni karani aliyebonyeza "nakubali". Mkubwa aliyemwamuru huwa hakumbuki tena. Hiyo si haki. Programu inamletea faida mwajiri, basi leseni yake iwe mzigo wa mwajiri.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu yaingizwe katika mikataba ya hali bora ya kazi. Kwanza, agizo la kuweka programu litolewe kwa maandishi, na anayeagiza awe ameisoma leseni. Pili, mfanyakazi aliyetii agizo asikatwe mshahara wala kuachishwa kazi kwa sababu ya leseni. Tatu, mafunzo ya programu mpya yatolewe saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri.

Wako wanaosema programu huria zinasumbua kujifunza. Ni kweli kujifunza kuna gharama. Lakini fedha ya kumfundisha mtu hubaki kichwani mwake. Ada ya leseni hulipwa tena mwaka ujao.

Matawi yetu nayo yaonyeshe mfano. Jirani zetu wa Tanzania walikwisha onyesha njia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa kuwa leseni iliwapa haki ya kuigeuza; hawakungoja huruma ya kampuni yoyote. Leo ipo LibreOffice, ambayo ni huria vile vile.

Ndugu, kabla ya kubonyeza, someni masharti. Msipoyaelewa, mwiteni mwakilishi wenu. Agizo lisiloandikwa msilitii peke yenu.

Umoja ni nguvu!