Mbona Tanzia, na Edipode Hafi?

Msomaji wa gazeti akikuta neno TANZIA kwa herufi kubwa, macho hutafuta jina la marehemu, siku ya maziko na mahali msiba ulipo. Mwanafunzi wa fasihi huingia darasani na maana hiyohiyo kichwani. Kisha anafungua Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mchezo wa Sophocles iliyotoka mwaka 1971, anasubiri maiti ya mfalme, na mchezo unakwisha mfalme akiwa hai. Mkewe amejinyonga, yeye amejitoboa macho, lakini anapumua.

Mwanafunzi huyo akikosea kwenye mtihani asilaumiwe upesi. Ameangushwa na istilahi aliyokaririshwa kabla ya kuiona ikifanya kazi.

Tanzia si neno baya. Limetokana na Kiarabu, kwenye kupeana pole, na huko Iran neno la asili hiyohiyo ndilo jina la maigizo ya kifo cha Hussein, aliyeuawa Karbala mwaka 680. Kwa hiyo jukwaani si geni. Lakini Aristotle, aliyeutumia mchezo wa Edipode kama kielelezo, hakuweka kifo cha mhusika mkuu kuwa sharti. Alichotaka ni tendo zito na kamili linalowatia watazamaji huruma na hofu. Hilo lazima lisemwe darasani, na lisemwe mapema.

Dhuluma kubwa zaidi imelipata neno la Aristotle, hamartia. Mara nyingi hufundishwa kuwa ni "dosari" ya shujaa, maelezo yaliyopitia Kiingereza kabla ya kutufikia, na hapo msako wa tabia mbaya huanza: Edipode ana kiburi, Edipode ana hasira za haraka. Kumbe kitenzi cha Kigiriki kilichozaa neno hilo kilitumika hata kwa mrusha mkuki aliyekosa shabaha. Kiswahili kinalo neno la namna hiyo tangu zamani. Mwindaji hukosa, mwenye hatia hukosa, na kinachobaki huitwa kosa. Edipode alimuua mzee mmoja njia panda asijue kuwa ni babaye. Hilo ni kosa, kwa maana zote mbili kwa pamoja, na ni ajabu kwamba tunaliacha neno lililo kinywani mwetu kila siku tukaazime fikra ya watu wengine.

Romansi nayo imeponzwa na mapenzi. Ukimwambia kijana asome romansi atategemea barua za wapendanao, ilhali katika Ufaransa ya kale jina hilo lilihusu kwanza lugha ya watu, tofauti na Kilatini cha wasomi, kisha likahamia kwenye visa vilivyosimuliwa kwa lugha hiyo. Katika karne ya 12, Chrétien de Troyes alimsimulia Yvain, shujaa aliyesahau ahadi ya kurudi kwa mkewe, akarukwa na akili porini, akamwokoa simba aliyekuwa akipigana na nyoka, na simba akamfuata kila alikokwenda. Mapenzi yamo, lakini yamezungukwa na safari, ahadi na maajabu. Aliyekulia kwenye visa vya Alfu Lela Ulela ataitambua sura hiyo mara moja. Neno hekaya lingemfikisha karibu zaidi kuliko "hadithi ya mapenzi".

Tatizo linaanzia kwenye mpangilio wa somo: istilahi kwanza, fasili ya pili, mchezo mwishoni ukibaki muda. Mpangilio huo ungegeuzwa. Mwalimu anayetaka kufundisha mageuko ya hali ya mhusika na utambuzi wa ukweli awasimamishe wanafunzi wawili mbele ya darasa. Mmoja ni Edipode, anayeogopa kurudi Korintho alikokulia asije akatimiza utabiri wa kumwoa mama yake. Wa pili ni mjumbe kutoka hukohuko, mzee mwema anayetaka kumtoa hofu: yule mwanamke wa Korintho si mama yako, mimi ndiye niliyekupokea ukiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Mzee anadhani anamtua mfalme mzigo. Pembeni, Jokasta ameshaelewa, anamsihi mumewe asiulize zaidi.

Darasa likinyamaza hapo, ndipo chaki ipande ubaoni.