Ziwa Tunalolitazama Bila Kulijua



Juma lililopita tulitoka Kigoma alfajiri, watu sita katika kayaki tatu za kuazima, tukielekea kaskazini kwa kupiga kasia kandokando ya Ziwa Tanganyika. Baadhi yenu mmekwisha kutuuliza: padre na kayaki, wapi na wapi? Je, huo si mchezo wa watalii? Swali hilo ni la haki, nasi tunapenda kulijibu.

Pwani ile ni ya mawe na magenge. Milima inashuka hadi majini, na barabara ni shida. Wengi wetu huipita kwa boti ya injini, tumeketi juu ya magunia, macho yakiwa kwenye saa. Kwa kasia mambo ni mengine. Maji ni maangavu, na chini ya kayaki tuliwaona samaki wadogo wakila ukoga juu ya mawe. Ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani.

Tulipopita Kalalangabo tuliona jambo la kuhuzunisha. Mahali ambapo mlima umevuliwa miti, mawe ya majini yalikuwa yamefunikwa na tope, wala samaki hawakuonekana. Tuliposhuka na kupanda kwa miguu tukaelewa sababu: mashamba ya mihogo yamelimwa kwenye mteremko mkali, na kila mvua inabeba udongo hadi ziwani. Aliye ndani ya boti ya kasi haoni tope. Aliye shambani haoni samaki. Anayepiga kasia kisha akatembea huona yote mawili, na hapo hawezi tena kusema kwamba hakujua.

Lakini tusiwafiche lililotupata. Ilipokaribia saa nne upepo wa kusi uliinuka. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliona haya kurudi nchi kavu. Hata jaketi ya kujiokolea alikuwa ameivua. Mzee aliyekuwa akianika dagaa mchangani akatupungia mkono tuje, kisha akasema, "Padre, ziwa halina haraka. Wenye haraka ni ninyi." Tukavuta kayaki mchangani, tukaendelea kwa miguu. Baada ya muda mfupi mawimbi yalikuwa yakipiga magenge kwa nguvu ambayo hakuna hata mmoja wetu angeiweza. Kijana yule hakusema neno, ila aliivaa jaketi yake, ingawa sasa tulikuwa nchi kavu.

Tunakumbuka kwamba Wamisionari wa Afrika waliingia Ujiji mwaka 1879, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka Bagamoyo. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, naye aliijua milima ile kwa kuipanda na kukaa kimya. Mwaka 1994 taasisi yake ilianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanavijiji, kwa kuwa msitu hauwezi kulindwa ikiwa jirani ana njaa.

Basi, maoni yetu ni haya. Si haki mgeni alijue ziwa letu kuliko watoto wetu. Kila jumuiya ndogo ndogo ichague siku moja, itembee kipande cha pwani kilicho karibu nayo, na pale itakapokuta korongo tupu ikubaliane na wenye mashamba namna ya kupanda miti. Vijana wafundishwe kuogelea na kupiga kasia. Na asiingie mtu majini bila jaketi, wala bila kuuliza wazee habari za upepo. Kurudi nchi kavu si aibu. Aibu ni kuishi kando ya ziwa miaka yote, tukila samaki wake, na kutojua kwamba tunalijaza tope kwa mikono yetu wenyewe.