Herufi ya Tatu

Mwanafunzi wa Tanzania anayemaliza kidato cha nne hutakiwa kutaja masomo matatu atakayoyasoma kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Serikali huuita mkusanyiko huo tahasusi. Mabwenini na nyumbani huitwa kombi. Kwa upande wa sayansi ya jamii na lugha, kombi zilizozoeleka ni HGL, HGK, HKL na HGE, ambapo H ni Historia, G ni Jiografia, L ni Kiingereza, K ni Kiswahili na E ni Uchumi. Historia imo katika zote nne na Jiografia imo katika tatu. Kwa hiyo uamuzi wenyewe, kwa walio wengi, ni wa herufi ya tatu, na hiyo ndiyo inayochaguliwa kwa haraka kuliko zote.

Haraka hiyo ina chanzo. Katika shule nyingi masomo ya sanaa huchukuliwa kuwa mahali pa waliobaki baada ya sayansi kuchukua wake. Kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne hawajafika hata theluthi moja, na Fizikia na Kemia huwapukutisha wengine. Ishara zinazotoka juu nazo zinasukuma upande huohuo: Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, uliwalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na katika ajira za ualimu upungufu unaotajwa kila mara ni wa walimu wa Sayansi na Hisabati, huku wahitimu wa ualimu wa sanaa wakisubiri. Hakuna ubaya nchi kutaka wahandisi na madaktari. Ubaya uko hapa: anayeambiwa kwamba amebaki haulizwi amebaki na nini. Akishapata C tatu huandikwa kombi yoyote inayokubali alama zake, na maisha yanasonga.

Historia ya kidato cha tano na sita ni somo gumu kuliko sifa yake. Karatasi ya kwanza huhusu Afrika: jamii za kabla ya ukoloni, uchumi wa kikoloni, harakati za uhuru na matatizo ya nchi huru. Ya pili huhusu dunia: kukua kwa ubepari wa Ulaya, vita kuu mbili, kuinuka kwa Marekani, ujamaa. Mtaala huu umebeba alama ya mjadala uliochemka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikofundisha Walter Rodney, ambaye kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kilitoka mwaka 1972. Swali la mtihani humtaka mtahiniwa ajenge hoja, na aijenge kwa insha ndefu ya Kiingereza. Anayeingia akiamini kwamba Historia ni kukariri miaka, 1884 hadi 1885 kwa Mkutano wa Berlin au 1905 hadi 1907 kwa Vita vya Maji Maji, hugundua kabla ya mwaka wa kwanza kwisha kwamba tarehe zote anazo na alama hana.

Jiografia husahaulika kwamba nusu yake ni sayansi. Ina miamba, mito, hali ya hewa na udongo, na ina sehemu ya vitendo: kusoma ramani, kupima ardhi, kufasiri picha na kuchambua takwimu. Mwanafunzi anayepewa matokeo ya sensa ya mwaka 2012, watu 44,928,923, na ya mwaka 2022, watu 61,741,120, anatakiwa akokotoe kasi ya ongezeko, ambayo ni takriban asilimia 3.2 kwa mwaka, kisha aeleze ina maana gani kwa ardhi, maji na madarasa. Aliyekimbia hesabu akajificha kwenye G hajazikimbia.

Sasa herufi ya tatu. Kiingereza katika HGL kina karatasi ya lugha na ya fasihi, na faida yake huonekana hata nje yake: mazoezi ya kuandika yanayopatikana humo ndiyo yanayobeba insha za Historia. Anayelenga sheria, diplomasia au uandishi wa habari ana sababu nzuri ya kuichukua L, ilimradi awe anasoma vitabu kwa hiari yake. Bila tabia hiyo, L huwa mzigo wa miaka miwili.

Kiswahili ndicho kinachodharauliwa zaidi, na dharau hiyo haistahili. Hudhaniwa kwamba kuzungumza kunatosha, kumbe mtihani hudai fonolojia, mofolojia, uchambuzi wa sentensi na uhakiki wa fasihi. Kwenye Ukingo wa Thim, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1988, imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa vitabu vinavyohakikiwa katika ngazi hii. Nyuma yake kuna mgogoro wa kweli wa Kenya wa mwaka 1987, mjane na ukoo wa mumewe wakishindana mahakamani juu ya haki ya kumzika marehemu. Mwanafunzi wa HKL au HGK anayeisoma vizuri anakutana kwa mkupuo mmoja na sheria ya mila, sheria iliyoachwa na wakoloni, jinsia na tabaka. Kisha kuna soko la lugha yenyewe, ambalo limepanuka mbele ya macho yetu: SADC ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019, UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, mwaka huohuo sheria ya Tanzania ikakifanya lugha ya mahakama, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Wakalimani, wafasiri na wahariri wanaohitajika hapo hawatapatikana kwa waliochukua K kama mapumziko.

Uchumi una jambo moja ambalo lingestahili kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule: ni somo jipya kwa wote. Kidato cha kwanza hadi cha nne kilichozoeleka kina Biashara na Utunzaji wa Vitabu vya Hesabu, lakini hakina Uchumi, hivyo hakuna anayeingia HGE akiwa na alama za kumwonyesha anaweza. Somo lenyewe limejaa grafu na milinganyo, na kwa utaratibu uliozoeleka wa HGE huambatana na Hisabati ya msingi ijulikanayo kama BAM. Hiyo BAM, inayolalamikiwa sana, ndiyo mara nyingi huamua kama mhitimu ataweza kuomba shahada ya uchumi, takwimu au fedha, kwa sababu vyuo hutaka uthibitisho wa Hisabati. Mwenye HGL mwenye ndoto ya benki kuu huligundua hili wakati umeshapita.

Tangu mwaka 2024 uwanja umepanuliwa. Serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, zikiwemo za lugha kama Kichina na Kiarabu, za sanaa, michezo na elimu ya dini. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo kombi iliyo kwenye orodha ya wizara si lazima iwe shuleni: inahitaji mwalimu, vitabu na wanafunzi wa kutosha darasa moja. Kabla ya kuvutiwa na mchanganyiko mpya, mzazi na mwanafunzi waulize ni shule zipi zinaufundisha, na ni shahada zipi zinautambua.

Swali la shahada lina kipimo chake. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), A ya kidato cha sita ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na sharti la chini la kawaida ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha A hadi E yenye jumla ya pointi 4. E mbili hazifikishi; D mbili zinafikisha. Maana yake somo moja lililochaguliwa vibaya linaweza kuvumilika, mawili hayavumiliki. Kwa anayetaka ualimu, masomo mawili ya kufundishia kwa kawaida hutoka humohumo kwenye kombi, hivyo H na K, au G na L, huwa pia uamuzi wa darasa atakalosimama maishani.

Fomu ya uchaguzi hujazwa kidato cha nne, kabla mtu hajajua matokeo yake. Yakitoka, kwa kawaida Januari, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili wahitimu wabadilishe chaguo zao, na dirisha hilo wengi huliacha lifungwe bila kuligusa. Ndio wakati wa kukaa na mwalimu wa taaluma, karatasi ya matokeo ikiwa mezani, na kuuliza alama ya Hisabati inaruhusu nini na ya Kiingereza inaweza kubeba nini. Aliyechelewa ana nafasi moja ndogo: katika wiki za kwanza za kidato cha tano, shule inaweza kumhamisha kombi, mradi ina darasa la kombi anayoitaka na alama zake zinakubali.